Mishono Iliyoruka

Cherehani yangu ikiruka mshono
najua tiba yake: sindano imepinda,
au uzi umelegea kwenye bobini.
Nafungua, napuliza vumbi, natia mafuta,
narudi kwenye kola za sare za Januari.

Lakini ule ulioruka usiku wa Jumanne
ulikuwa chini ya ubavu wa kushoto:
du, du, kimya, du, dududududu,
kama mwanagenzi aliyekanyaga pedali
kabla hajafundishwa kuiachilia.

Zahanati ya Riruta. Daktari Chepkirui
akanibandika nyaya, baridi kama vifungo vya chuma,
mashine ikatema karatasi ndefu.
Nikaikagua kama ninavyokagua kazi ya fundi mwingine:
hapa kaenda vizuri, hapa kakimbia,
hapa kaacha pengo la kupitisha kidole.

"Sukari, Mzee Ombasa, haikai kwenye damu
ikingoja chai tu. Miaka kumi na miwili
imekuwa ikiukwaruza moyo."
Akaniongezea kidonge cha rangi ya kiini cha yai.
"Hiki huifukuza kwa njia ya mkojo.
Na watafiti wanaona kwamba huenda
kikaupunguzia moyo kuparaganyika.
Huenda, nimesema. Na zile za zamani usiziache."

Huenda.
Nimeishi kwa neno hilo tangu nije jijini.
Huenda mteja atarudi. Huenda stima haitapotea.
Nikanunua vidonge saba
kwa bei ya mita nne za kitambaa cha kaptura.

Sasa naamka mara tatu usiku,
tochi mkononi, koti la Kemunto mabegani,
hadi choo cha ploti,
na asubuhi sisimizi wamejipanga mlangoni
kama wazazi siku ya kufungua shule.
Mama Wacuka wa chumba cha nne anafoka:
nani kamwaga soda hapa?
Ni mimi, mama. Ni chai yote ile,
ya harusi, ya matanga, ya kungojea wateja,
inatoka kidogo kidogo.

Kemunto hulala sikio kifuani pangu.
Zamani alikuwa anasikiliza mapenzi;
siku hizi anahesabu.
Akifika sitini bila kusita hunigusa bega:
"Leo unashona vizuri."

Jana alikwama kwenye arobaini na moja.
Hakusema kitu.
Akaanza tena: moja.