Kodi

Tulikutana Ngara, ghorofa ya nne, juu ya duka la miwani,
watu wanne, viti vitatu, na dumu la lita ishirini
ambalo Okumbe alilikalia jioni nzima bila kulalamika.
Ajenda ilikuwa mstari mmoja: tuhamie wapi.

Sisi wenyewe tuna vyumba vya kupanga. Inayohama ni kodi,
ile ya kuandikwa, mistari elfu kumi na moja
inayowaambia watu wa Umoja na Kayole
maji yatafunguliwa lini, na yatapanda ghorofa ngapi
kabla ya kuishiwa nguvu.
Neno ni lile lile moja, nifanyeje,
tarehe tano ya kila mwezi kodi zote mbili hunijia pamoja.

Miaka mitatu tumekaa kwenye jumba kubwa la ng'ambo.
Bure. Taa hazizimiki, ngazi zimepigwa deki,
dunia nzima inapita koridoni:
mtu wa Lima aliturekebishia saa bila hata kutuamkua.
Ukikaa bure huulizi funguo ziko ngapi.

Kisha Jumatatu moja Abdikadir akaamka amefungiwa nje.
Barua ya mistari miwili, isiyo na jina chini yake.
Aliandika mara sita. Alijibiwa na mashine
iliyomshukuru kwa uvumilivu wake.
Siku kumi na tisa jina lake lilikuwa kivuli cha kijivu,
na kazi yake yote ya Kayole imo mle ndani.
Halafu akafunguliwa, hivyo hivyo, bila neno.
"Nimewahi kufukuzwa na mwenye ploti," alisema,
"lakini yule alikuja mwenyewe, amevaa kandambili."

Okumbe akasema tujenge yetu.
Mashine ya mtumba kutoka Luthuli, elfu kumi na nne,
tuiweke papa hapa chini ya meza.
Tukainama sote kutazama chini ya meza.
Na stima ya Ngara, Okumbe? Na saa tisa usiku ikizima,
nani ataamka?
"Mimi," akasema, kisha akanyamaza,
maana nyumbani ana mtoto wa wiki sita
na hajalala tangu azaliwe.

Nanjala alikuwa na chama:
watu wachache, mbali, wanachanga, kila mwanachama kura moja,
sheria zao ukurasa mmoja.
Niliusoma mara mbili nikitafuta ndoana.
Sikuiona, nikaogopa zaidi.
Vyama tunavijua. Tunajua vinavyokufa
mweka hazina akipata kazi Doha.

Na Mutheu?
Mutheu wa Tassia, simu yenye ufa, bando la shilingi ishirini,
aliyetuambia tufute "maji yatakatwa", tuandike "yatapumzika",
kwa sababu mama yake akisoma "yatakatwa"
hujaza hata birika la chai.
Anajua mlango mmoja tu wa kutufikia. Aliujifunza kwa wiki mbili.

Kura: wawili, wawili.

Nikafungua laptopu nipate cha kufanya na mikono.
Yote yalikuwamo, tangu mstari wa kwanza,
hata ule usiku Okumbe alipoandika "maij" mara arobaini.
Na kwa Nanjala yamo. Na kwa yule wa Lima.
Nyumba nzima, kila mmoja anatembea nayo mkobani.
Kumbe jioni yote tulikuwa tunagombania mlango,
mahali mtu akipiga hodi aitikiwe.

Basi tukaenda chamani. Kule jumbani tukaacha kioo
kitakachojipangusa kila usiku, na kibao:
Tumehama. Ukibisha hapa bado tutasikia.
Mutheu, hicho ni chako.

Nikasukuma. Ilifika asilimia sitini na mbili,
stima ikapotea mtaa mzima.
Abdikadir akacheka gizani.
Chini uani mfereji ukaanza kukohoa:
Alhamisi, saa tatu kasorobo,
dakika saba kabla ya saa tuliyowaambia watu.
Okumbe akainuka, akashika dumu lake.

"Hilo ni kosa letu," nikamwambia. "Liandike."
Alikuwa ameshafika kwenye ngazi.
"Niliandike wapi?"