Mwongo wa Katonga

Nimemchonga kwenye soli ya ndala ya Bukuru,
ya kushoto, iliyokatika kanda gulioni Ujiji.
Tumbo nimempaka rangi ya kucha ya shemeji,
macho ni vichwa vya pini,
uti wa mgongo ni waya wa breki ya baiskeli
(kazi yangu ni baiskeli; samaki ni ugonjwa).
Jina lake Mwongo.
Njia ya mwongo ni fupi, tunaambiwa tangu utotoni.
Ya huyu ni hatua thelathini,
kutoka anapoangukia mpaka jiwe ninaposimama,
na njia nzima anajitangaza:
chubwi. Kimya. Chubwi.

Oktoba ziwa limelala kama kaniki iliyopigwa pasi.
Hapo usiwe na haraka. Mwache atulie
mpaka viduara vyake vifike mwambani na kufa,
ndipo umtikise kidogo,
kama mtu anayebisha hodi kwenda kukopa sukari.

Mvua ya kwanza inatoa kumbikumbi.
Usiku kucha wanazunguka taa za watu,
alfajiri mabawa yamefunika maji
na kila samaki, hata wa kidole, yuko juu anakula.
Siku mbili hizo, tatu,
hata kifuniko cha soda kingemezwa.
Niliwahi kurudi mikono mitupu siku hizo.
Sitaki kuulizwa.

Januari Luiche inashusha udongo,
ghuba inakuwa chai ya maziwa.
Nampaka Mwongo masizi ya sufuria,
maana kwenye tope samaki hatazami rangi, anatazama kivuli.
Masika yakikaza,
radi zikitembea juu ya milima ya Kongo,
mimi na mwanzi wangu wenye rili ya mtumba tunarudi nyumbani.
Hakuna kuhe wa kufia.

Juni ni kusi na mawimbi, na ziwa limefungwa.
Mwongo ananing'inia kwenye msumari kati ya tyubu,
watoto wanamwomba wamchezee, nakataa.
Bukuru, mtu wa vipe na dagaa, anashinda kibandani kwangu
akinihesabia spoku nilizokwisha kuzihesabu.

Septemba ile moshi wa mapori ulifuta Kongo yote.
Jua lilichomoza kama chungwa bovu.
Nikamrusha nyuma ya jiwe lililopasuka.
Chubwi.
Maji yalifumuka kabla sijamvuta.

Kuhe. Mrefu kama mkono wangu mpaka begani,
manjano, mabaka meusi ubavuni.
Hakuwa na njaa ya kunila mimi wala ndala yangu:
tumbo limebonyea, mtu aliyesahau kula kwa siku nyingi.
Nikatazama chini pale alipotoka.
Wingu la vitoto, kila kimoja kipande cha ukucha,
na dume peke yake akizunguka, akizunguka,
na vijisamaki vya mawe vimeshaanza kuingia,
anamfukuza mmoja huku, wawili wanapita kule.

Alimpiga Mwongo
kama unavyompiga kofi mlevi
uliyemkuta usiku dirishani kwa watoto wako.

Ndoano ilishika pembeni ya mdomo.
Koleo la kazini lilikuwa mfukoni, mkono ndio haukuwepo:
ulitetemeka, na si kwa uzito.
Nikamshikilia majini mpaka mkia ukakumbuka kazi yake.
Hakuaga.

Bukuru akanikuta njiani na ndoo yake.
"Umepata?"
"Hata wa kunusa."
Akanishika mkono kama anayesalimia,
akaunusa.
Uongo wangu haukufika hatua tatu.

Tumetoka tumbo moja siku moja,
yeye kanitangulia robo saa tu,
na bado anajiona mkubwa.
Akanitilia dagaa viganja viwili kwenye kofia,
akapanda zake kilima bila neno,
ndala zikimpiga visigino:
ya kulia bluu, ya zamani,
ya kushoto kijani.