Kijiko Ameanguka

Saa kumi kasorobo, mwezi wa kumi na mbili,
na hapa Dundee jua limekwishafunga duka
bila hata kuwaaga wateja.
Natia ufunguo mlangoni kwa mkono mmoja;
wa pili umebeba begi la shule, skafu, glavu moja,
kiboksi cha chakula kisichoguswa,
na Raya, mwenye miaka minne na robo
(hiyo robo usiisahau, atakurudisha),
amekaa ngazini, ghorofa ya pili, amegoma.
Buti la kulia liko kushoto, la kushoto liko kulia.
"Wamegombana," anasema.
"Kila mmoja anatazama kwake."

Kwake yeye vitu vyote ni watu.
Birika analia. Mlango hataki.
Soksi huyu, mwenzake yuko wapi?
Kijiko ameanguka, mama, kijiko ameanguka!

Mwalimu Semboja, pale Tanga, angetoa kalamu nyekundu
akapiga mstari chini ya kila kitenzi:
ki-vi, binti, ki-vi, mara ngapi nikwambie?
Nami mwanzoni nilikuwa Semboja.
Nilisahihisha kijiko, nikasahihisha birika,
nikasahihisha mlango huku naufungua,
hadi asubuhi ile aliposogeza pazia
akakuta mapaa yote yamepakwa chokaa,
magari yamevishwa kanzu,
mtaa umenyamaza kama watu walio kwenye hitima,
akaninong'oneza, asije akamwamsha mgeni:
"Mama. Theluji amekuja."

Sahihisho lilikuwa mdomoni tayari.
Nikalimeza na chai.

Na ningemsahihisha kwa lipi?
Mimi mwenyewe sijui theluji hufanya nini.
Hunyesha? Huanguka? Hutua?
Nyumbani kwetu hakuna aliyepata kuihitajia kitenzi.

Tulitoka. Akapumua, akaona mvuke,
akasimama katikati ya njia, mkono hewani:
"Naona maneno yangu!"
Akasema "ndizi" ili aione ndizi.
Akasema "bibi". Akasema "bibi" tena, polepole,
akaitazama mpaka ikaisha.
Tulichelewa shule dakika kumi na moja.

Sisemi kila siku ni sukari.
Juzi alimwaga maziwa juu ya sare yangu ya kazi
zikiwa zimebaki dakika ishirini, nikamfokea
kwa sauti ya mama yangu, ile niliyoapa kuiacha uwanja wa ndege.
Baba yake alikuwa anaingia, mimi natoka;
hukabidhiana mtoto mlangoni, sisi,
kama kijiti cha mbio za kupokezana.
Kwenye basi nilisugua doa kwa mate
na sikumtazama mtu.

Kazini, nyumba ya wazee, namchana nywele Bi Isobel.
Jina la Raya halimkai, ila huuliza kila usiku:
"Yule mdogo kasema nini leo?"
Namweleza ya kijiko.
Lakini kwa Kiingereza kijiko huanguka tu,
kama kijiko kingine chochote duniani.
Anatabasamu kwa adabu.
Najaribu kueleza, naingia kwenye ngeli, napotea,
yeye ameshasinzia kichwa kwenye kiganja changu.

Basi nayaandika nyuma ya bahasha ya bili ya umeme,
wakati wa mapumziko, karibu na mashine ya kahawa:
*Buti wamegombana. Theluji amekuja.*
Mbele ya bahasha tunadaiwa.
Nyuma, sioni tunachodaiwa.

Iko siku atarudi kutoka shule,
meno ya mbele yameng'oka, sarufi imenyooka,
aseme, "Mama, kijiko kimeanguka,"
sawasawa, kama mtu mzima, bila kuinua macho.
Nitampongeza. Semboja angempongeza.
Kisha nitainama chini ya meza,
nimwokote kijiko,
nimpanguse,
nimwulize taratibu kama ameumia.