Daftari la Namba Ndogo

Kila Jumatatu, saa moja na nusu, jua halijakolea,
ufunguo wa kwanza ninao mimi.
Wa pili anao Mchopa, naye huchelewa.

Ng'ambo ya ukuta ni maghala ya korosho.
Huko wanapima, wanagombea gramu,
mihuri inagonga stakabadhi mchana kutwa.
Sisi tunapima kisichouzwa,
tukifurahi namba ikigoma kupanda.

Humo ndani, katika zege, katika chuma, katika risasi
(risasi hii haiui, inazuia),
imelala punje ya seziamu, ndogo kuliko jicho la kifaranga.
Ilikuja na watafuta gesi njia ya Msimbati,
wao wakaondoka, yenyewe ikabaki.
Haina harufu. Haina joto la kuota hata kidole.
Miaka thelathini, nguvu zake nusu.
Thelathini tena, nusu ya nusu.
Nimepiga hesabu: mjukuu wangu atakuwa na mvi
nayo bado inanong'ona.

Hatua moja kutoka mlangoni: nukta moja tano.
Ukuta wa kusini: nukta moja nne.
Naandika kwa wino. Kalamu ya risasi hairuhusiwi,
ya kwetu ni ile isiyofutika.
Mchopa anatia saini, anapiga miayo.

Msimu wa mnada, mwezi wa kumi,
narudisha mashine ofisini, nafika langoni, ikalia.
Namba zinaruka kama panzi.
Tukakimbia. Kufuli nzima. Lakiri nzima.
Ukuta umenuna vilevile.
Nukta moja tano. Nukta moja nne.

Narudi langoni, inalia tena.
Na pale, juu ya ndoo iliyofunikwa,
Bi Nantipi, muuza ming'oko,
aliyeshuka juzi kwenye basi la Dar.
"Hospitali walininywesha dawa," akasema, akigusa koo,
"ya tezi. Wakanikataza kupakata mtoto kwa siku kadhaa.
Kwani mwanangu, hiyo inanililia mimi?"

Mchopa alicheka mpaka akakaa chini.
Mimi sikucheka.
Nilinunua ming'oko ya mia tano, mkono nimeunyoosha,
nikarudi nyuma hatua mbili,
kisha haya zikanishika, nikasogea moja.

Nalo nililiandika. Safu ya maelezo ni nyembamba,
maneno yakabanana:
Saa tatu na robo. Kengele.
Ghala salama.
Chanzo: jirani. Anapona.