Mkono wa Kushoto

Piano ya parokia yetu, Katuba,
imesimama juu ya matofali mawili na jeki ya lori.
Mvua zikianza, mbao zinavimba,
la ya katikati inakwama kama mlango wa choo
na baba huikwamua kwa kisu cha mkate.

Baba si mwanamuziki.
Miaka ishirini na sita alisimama mbele ya tanuru,
siku moja akaitwa, akapewa bahasha,
akarudi na spana ambayo hakuna aliyekumbuka kumdai.
Aliisaga mdomo kwa tupa hadi ukawa mraba.
Ndiyo hiyo anayokazia nyuzi.

Alipofungua kifuniko mara ya kwanza, alinyamaza.
Nyuzi nene, zile za sauti ya chini,
zimevikwa shaba, mzingo juu ya mzingo.
Akazigusa kwa mgongo wa kidole, anavyopima homa ya mtoto.
"Feza," akasema, "hii ilitoka hapa ikaenda Ulaya,
ikajifunza kulia, ikarudi."
Sijui kama ni kweli.
Sikumbishia.

Mimi nacheza Chopin.
Masista walipohama waliacha kurasa kumi na moja;
ya kumi na mbili ililiwa na mchwa,
kwa hiyo ninachocheza hakina mwisho.
Juu ya mstari wa nne mtu aliandika kwa penseli: rubato.
Ni kuiba wakati, alinieleza mwalimu Kyungu.
Mkono wa kulia uchelewe upendavyo, uzurure, uomboleze;
wa kushoto uhesabu,
ulipe deni lote kabla mstari haujafika ukingoni.

Baba, chini ya piano, tochi mdomoni,
alicheka hadi tochi ikaanguka.
"Miezi thelathini na sita ya mshahara!
Huo mkono wa kushoto unakaa ofisi gani?"

Jana umeme ulikatika saa moja na nusu.
Nikaendelea; vidole havihitaji taa.
Nilipofika pale mchwa walipoanzia
nikasimama, kama siku zote.
Ng'ambo ya barabara jenereta ya baa ilikuwa inakohoa.

Baba akapitisha mkono begani kwangu,
ule wa kushoto, uliobaki na vidole vitatu,
akabonyeza sauti moja, ya chini kabisa.
Shaba ikatetemeka ndani ya mbao,
ndani ya matofali, ndani ya nyayo zangu.

Hakuinua kidole
mpaka ilipokwisha yenyewe.