Msoma Mita

Mpwa wangu Tekle amejenga mji
wenye miezi miwili na ukuta wa kioo.
Aliuleta kwangu Jumapili, kurasa mia mbili na kumi,
umefungwa kwa kamba ya kufungia jibini.
"Soma, mjomba Varlam. Usinionee haya."

Haya mimi sizijui. Miaka thelathini na mmoja
nimesoma mita za maji hapa Kutaisi,
nyumba kwa nyumba, ng'ambo zote mbili za Rioni,
nikipiga magoti mbele ya vifuniko vya chuma
kama muumini aliyesahau dini yake.

Nikasoma usiku, kalamu nyekundu sikioni.
Malkia ana mabawa. Sawa.
Farasi wanasema. Wa jirani yangu naye bado kidogo tu aseme.
Miezi miwili niliimeza bila maji.
Lakini kufika ukurasa wa tisa
watu elfu arobaini wanaishi juu ya mwamba
na hakuna hata mmoja anayekwenda chooni.

Nikaandika pembeni: Kinakwenda wapi?
Karamu ya siku saba: Nani aliosha sahani? Kwa maji ya nani?
Vita: Mkate shilingi ngapi, siku ya pili?
Na bomba likipasuka usiku wa manane,
fundi huamshwa kwa kugongewa mlango au dirisha,
na mkewe humtukana nani?

Tekle akawaka. "Hii ni ndoto, mjomba,
si ofisi ya maji!"
Nikamwambia: joka lako nililiamini papo hapo
maana joka sijapata kuliona.
Ndoo nimeiona.
Ukinidanganya kwenye ndoo,
joka linakufa.

Hakuja tena mpaka mizabibu ikapukutika.
Dada yangu Natela alilalamika kwenye simu:
mtoto halali, anauliza shaba hupindwaje,
ana mchoro wa mifereji ukutani
pale ilipokuwa picha ya mchumba.

Kisha kamba ileile ya jibini, kurasa mia tatu.
Mabawa ya malkia sasa hupukutika kila masika
na kuna kijana anayeokota manyoya, anauza mito.
Ukuta wa kioo una wafutaji, na wafutaji wana mgomo.
Miezi miwili ikikutana, visima hufurika,
kwa hiyo hakuna anayeoa wiki ile,
na wakigombana huambiana,
"Bomba lako na likohoe!"
Nilicheka hadi miwani ikaanguka kwenye supu.

Ukurasa wa sitini na tatu sikucheka.
Kuna mtu hapo, hakupewa jina, goti lake bovu,
anapita akisoma maji ya nyumba za kioo.
Haingii ndani. Tarakimu humwambia
wapi kazaliwa mtoto, nani kaenda kutafuta kazi mbali,
nani kaanza kunawa mikono kupita kiasi.

*Mwezi wa tatu, nyumba yenye mjozi,
hesabu ilishuka nusu.
Akaiandika. Akarudisha kifuniko polepole
kama anayeogopa kumwamsha mtu.*

Sijawahi kumsimulia Tekle.
Mita ya nyumba hii niliisoma mwenyewe,
Machi ile, baada ya Eteri:
kumi na moja, halafu nne.
Nikaiingiza kwenye daftari, mstari wake,
kati ya mwoka mikate na shule ya ufundi,
nikaendelea na mtaa.

Nilitoka uani bila koti.
Kifuniko kilikuwa mahali pake, kimeshika barafu.
Mwezi ulikuwa mmoja.
Niliuhesabu mara mbili.

Kisha nikarudi mezani, nikavuta taa karibu,
na kwa kalamu nyekundu, kwa mwandiko wa ofisini,
nikamsahihisha:
*Si nusu. Chini ya nusu.
Alikuwa na maua.*