Njia Niijuayo

Naijua njia hii.
Kutoka Makang'wa hadi Mvumi naweza kukuhesabia:
mashimo manne kabla ya mashine ya kusaga ya Ndahani,
kisha daraja mfu, breki ya nyuma tu,
kisha mchanga: uachie usukani ucheze, usishindane nao,
kisha duka lenye mbwa
anayebwekea pikipiki nyekundu peke yake.

Miaka sita naipita, matenga mawili ya zabibu nyuma
yamekazwa kwa mpira wa tairi la ndani.
Nimeipita na usingizi. Niliwahi kuipita nikilia,
siku ile nilipopigiwa simu kuhusu Sechelela,
na pikipiki ikanifikisha yenyewe, kama punda.

Leo upepo wa Septemba umeamka na hasira,
umenyanyua shamba zima la uwele uliokwisha vunwa
na kulisimamisha barabarani.
Saa nne asubuhi, na taa nimewasha.
Mwanga unakwenda hatua tatu, unagonga vumbi, unarudi.
Kioo cha helmeti kina mikwaruzo tangu kwa mwenyewe wa kwanza;
nikikifunua, macho yanajaa mchanga,
nikikifunga, nabaki na pumzi yangu na ladha ya chuma.
Mwenye akili angeegesha.
Mimi nikasema, ya nini? Naijua.

Moja. Mbili. Tatu. Nne.
Mashine inanguruma kushoto; vema, Ndahani yupo kazini.
Daraja mfu nimelisikia chini ya matairi,
saruji ina sauti yake.
Mchanga. Usukani ukacheza, ukatulia.
Nikacheka peke yangu ndani ya helmeti.
Nikaongeza gia.

Kifusi hakikuwemo kwenye hesabu.
Jana jioni, mimi nikinawa mikono nile,
lori la mkandarasi lilimwaga pale
udongo wa kufukia bomba la maji,
bomba lile lile tuliloliomba tangu niko darasa la tatu.

Sikumbuki kuruka. Nakumbuka zabibu
zikinipita usoni moja moja, bila haraka,
kama watoto wanaotoka shule.

Nimekaa chini. Suruali imechanika gotini,
na goti nalo limeifuata.
Pikipiki imelala ubavu, gurudumu la nyuma linazunguka bado,
lenyewe linadhani tunakwenda.
Mazoea yana taabu, baba alikuwa akisema,
ila yeye alikuwa anasemea pombe.

Hapo ndipo ninapoisikia, upande wa Mvumi:
gia ya nne, silensa iliyotoboka.
Ni Lechipya, hakuna mwingine.
Anakuja na muziki wake. Anaijua njia hii
kuliko mimi; ndiye aliyenifundisha kuhesabu.

Nanyanyuka kwa mguu mmoja. Navua helmeti,
naigonga kwa jiwe, ko, ko, ko,
naliita jina lake kwenye vumbi kwa sauti yote niliyo nayo,
na vumbi linalipokea jina
bila kusema kama litalifikisha.